Mechi Nne za Billy Garrett

Nianze na barua, maana bila ile barua makala haya yasingekuwepo.

Mwaka 2011 nilikaa mezani nyumbani kwetu Kahama, nikachana karatasi katikati ya daftari, nikamwandikia mwalimu wa michezo wa sekondari aliyokuwa anasoma mdogo wangu. Barua fupi tu. Nilisema mimi ni kaka yake mkubwa, baba yetu yuko machimboni Geita, mama kaniagiza, na kwamba kuanzia siku hiyo dogo asiruhusiwe tena kucheza mpira wa kikapu kwa sababu ana ugonjwa wa damu. Nikaweka sahihi. Nikaipeleka mwenyewe kwa baiskeli ili isije ikapotelea mfukoni mwa mhusika.

Alikuwa na miaka 15, ameshanizidi urefu, mwembamba kama ufito. Uwanja wao ulikuwa wa vumbi, ringi zimechomelewa na fundi wa mtaani kwa nondo. Mpira ukidundishwa sana unarudi na mchanga. Alikuwa anatupia kwa mkono wa kushoto, na wenzake walikuwa wanajua akiupata pembeni basi hesabu zimekwisha. Baada ya barua yangu hakunisemesha wiki mbili.

Miaka minane ikapita. Mwaka 2019 akanitumia picha kwenye simu: kijana mmoja kavaa jezi ya New York Knicks. Chini yake kaandika, "Kaka, huyu naye si ana siko seli? Mbona anacheza?"

Nikamjibu kihunihuni: "Hiyo Marekani, dogo."

Akarudisha neno moja. "Sawa."

Ile sawa imenikaa kooni mpaka leo. Ndiyo maana nimeamua kuandika jibu refu, la mtu aliyekaa chini akasoma. Kama wewe msomaji ulifika hapa ukitafuta uchambuzi wa riwaya, nivumilie kidogo. Hii nayo ni hadithi, ina wahusika, ina miji miwili mikubwa ya Marekani, na ina ziwa letu katikati.

Kijana wa kwenye picha anaitwa Billy Garrett. Tuna mazoea, Mtanzania akisikia NBA anamtaja Hasheem Thabeet, na ni haki yetu: mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika wachezaji wote waliosajiliwa mwaka ule, na Memphis Grizzlies. Garrett hakuchaguliwa na mtu. Alizaliwa Chicago mwaka 1994, akiwa na selimundu. Akasoma sekondari ya Morgan Park, upande wa kusini wa jiji hilo, kisha mwaka 2013 akaingia Chuo Kikuu cha DePaul, hapo hapo Chicago, ambako baba yake alikuwa kocha msaidizi. Msimu wake wa kwanza alitajwa mchezaji bora kati ya wageni wa ligi ya Big East. Msimu huo huo maumivu ya selimundu yalimkamata, akakosa mechi kadhaa, akarudi.

Alimaliza chuo mwaka 2017. Akaenda kwenye ligi ndogo ya NBA, na timu ya Westchester Knicks, kule ambako mchezaji anasafiri kwa mabasi na kulipwa pesa ya kawaida huku akisubiri simu. Simu ikaja msimu wa 2018–19 ukiwa unakwisha. Knicks walikuwa hoi: walishinda mechi 17, wakapoteza 65, timu ya mwisho kabisa katika ligi nzima. Kwenye mabaki ya msimu huo mbovu ndipo Garrett alipoingia uwanjani. Akacheza mechi nne. Hizo nne ndizo zote alizocheza NBA, na kwa hizo nne akawa mchezaji wa kwanza anayejulikana kuufikia uwanja ule akiwa na selimundu.

Mtu wa takwimu atacheka. Mechi nne! Lakini mimi nilizihesabu kwa namna nyingine. Kuna watu wangapi walizaliwa na ugonjwa huu tangu dunia ianze kuuandika, na kwa nini wa kwanza aonekane mwaka 2019?

Kwa hiyo nikarudi nyuma, nione dunia ilianza lini kuuandika. Nikajikuta Chicago tena.

Septemba 1904 kijana mmoja wa miaka 20 alishuka melini New York. Jina lake Walter Clement Noel, mtoto wa familia yenye nafasi kutoka kisiwa cha Grenada, amekuja kusomea udaktari wa meno. Akapanda kwenda Chicago. Desemba, baridi ikiwa kali, akaingia hospitali akiwa na kikohozi, homa na uchovu. Daktari kijana, Ernest Irons, alichukua damu yake na kuiweka chini ya hadubini. Akakuta chembe zisizo za mviringo kama zilivyo za watu wengine. Zilikuwa nyembamba, zimepinda, zina ncha. Akamwonyesha mkubwa wake, James Herrick. Wakamfuatilia yule mwanafunzi kwa miaka, na mwaka 1910 Herrick akachapisha taarifa ambayo madaktari wa leo wanaitaja kama mara ya kwanza kwa ugonjwa huu kuandikwa katika majarida ya kitabibu ya nchi za Magharibi.

Alizifananisha zile chembe na mundu. Kiswahili nacho kikachukua neno hilo hilo: seli, mundu, selimundu. Sisi huku tunaolima mpunga hatuhitaji kufafanuliwa. Mundu umeuona ukitundikwa ukutani, umeuona ukikata mabua kule Kahama na Geita wakati wa mavuno, na unajua kwamba kitu chenye umbo lile hakiwezi kupita kwenye mrija mwembamba bila kukwama. Ugonjwa wenyewe ni huo. Chembe zinapinda, zinakwama kwenye mishipa midogo, damu haifiki mbele, na pale isipofika panauma. Mdogo wangu alikuwa anasema ni kama mtu anakaza waya kwenye mfupa kwa koleo.

Na Noel? Alimaliza masomo, akarudi kwao, akafungua kliniki ya meno mjini St. George's. Akafa mwaka 1916 kwa nimonia. Alikuwa na miaka 32. Watu husahau sehemu hii. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa hakuwa mtu wa kulala kitandani tu akingoja siku yake. Alisoma, akafaulu, akafanya kazi kwa mikono yake. Tena ile safari yake ya New York hadi Chicago, Garrett aliifanya kinyumenyume, Chicago hadi New York, miaka 115 baadaye.

Sasa tuje nyumbani, maana Chicago waliuandika tu. Ugonjwa ulikuwa kwetu siku zote.

Mwaka 1949 mwanafunzi wa Oxford aitwaye Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia shambani Gilgil, Kenya, alijiunga na msafara wa kisayansi wa Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walikuwa wanabeba chembe cha urithi cha selimundu. Nyanda za juu, kwenye baridi, chini ya mmoja kati ya mia. Watu wa nchi moja, wanaouziana mahindi sokoni, damu tofauti namna hiyo. Kwa nini?

Jibu alilipata kwenye mbu. Pwani na ziwani kuna malaria, milimani hakuna. Mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki kulithibitisha, na mojawapo ya majaribio yake leo yangezua kesi: Nairobi, Waluo 30 waliojitolea waliingizwa vimelea vya malaria mwilini. Kati ya 15 waliobeba chembe cha selimundu, ni wawili tu walioonekana na vimelea kwenye damu. Kati ya 15 wasiobeba, 14. Mwaka 1954 akachapisha, na baadaye akaandika pia juu ya watu wa Musoma, majirani zetu wa ziwa hili hili.

Maana yake ni hii. Ukirithi chembe hicho kwa mzazi mmoja tu, huumwi selimundu, na malaria kali haikuwezi kirahisi. Ukirithi kwa wazazi wote wawili, unaumwa. Sehemu yenye mbu wengi, wale wa mzazi mmoja huishi, hukua, huoa, huzaa, na kukipitisha mbele. Kile kilichowalinda bibi zetu na homa ndicho kinachokaza waya kwenye mifupa ya wajukuu wao. Tena usichanganye: mtoto mwenye selimundu yenyewe hana kinga hiyo. Malaria ni miongoni mwa vitu vinavyomuua upesi zaidi.

Fikiria sasa ukanda wetu. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza waliona Usukuma umejaa watu na ng'ombe, wakaanzisha mpango mwaka 1947 uliowasukuma watu kuhamia Geita, misitu ikakatwa, mashamba yakafunguliwa. Babu yangu ni mmoja wa waliokwenda. Juu ya hayo kuna dhahabu. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1960, ukafunguliwa tena kwa mitambo mikubwa mwaka 2000, na pembeni yake wachimbaji wadogo hawajawahi kuacha. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, kote huko utakuta maduara yaliyoachwa, mialo ya kuoshea mchanga, mashimo yanayokaa maji miezi na miezi. Mbu hamlipi mtu kodi. Geita imekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini kwa miaka mingi.

Watafiti wa Bugando walipoanza kupima watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa, walikuta takriban mmoja kati ya watano anabeba chembe cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Ukitaka kuelewa hesabu hiyo huhitaji kompyuta. Mmoja kati ya watano anabeba. Uwezekano wa mbebaji kuoana na mbebaji ni moja ya tano mara moja ya tano, yaani moja kati ya 25. Wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na mgonjwa. Moja kati ya 25, mara moja kati ya nne: mmoja kati ya mia. Tanzania nzima inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi tano zinazoongoza duniani.

Wako wapi, basi? Mbona mtaani hatuwaoni kwa wingi huo?

Hapa inabidi nirudi kwa mama.

Mama alizaa watoto sita. Wawili walifariki kabla ya mimi kupata akili vizuri, mmoja akiwa na mwaka na nusu, mwingine hajafikisha mitatu. Wote "kwa homa". Ndivyo nyumbani tulivyosema, na ndivyo majirani walivyotupa pole. Mdogo wangu alipoanza kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga, ikasemwa ni hewa mbaya. Macho yakawa ya njano, ikasemwa ni malaria. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa za malaria mara nyingi kiasi kwamba mama alikuwa anazitambua kwa rangi ya boksi. Mganga mmoja alimchanja magoti, chale bado anazo. Shangazi alidai kuna mtu wa machimboni amemtoa mtoto kafara ili apate dhahabu, na baba, ambaye siku zote mawe yake karashani yalikuwa yanatoa vumbi tupu, alikasirika mpaka akataka kupigana. "Dhahabu yenyewe iko wapi?" alikuwa anauliza.

Alipofika miaka 14 ndipo mtu mmoja akaandika karatasi ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Tukapanda basi watatu, mama, yeye na mimi. Kipimo kikasema selimundu. Daktari akatueleza polepole, akachora viduara na mwezi mchanga kwenye karatasi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na wale wawili wa kwanza?"

Daktari hakujibu haraka. Akasema, "Inawezekana, mama."

Njia nzima ya kurudi mama hakusema kitu. Tulipofika nyumbani akaniita nje. "Mwanangu, nimeshazika wawili. Huyu hatakimbia tena. Mwandikie mwalimu wake."

Ndivyo barua ilivyopatikana. Naieleza siyo kumtupia mama lawama. Mkono ulioandika ni wangu, na mimi ndiye niliyekuwa na shule ya kutosha kuuliza swali jingine kwa daktari na sikuuliza. Sikuuliza, "Je, anaweza kucheza?" Niliona ni swali la kitoto mbele ya mauti.

Basi hao ndiko walipo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2011, mwaka ule ule wa barua yangu, yanasema kati ya nusu na asilimia 90 ya watoto wanaozaliwa na selimundu Afrika hufa kabla ya miaka mitano, wengi bila ugonjwa wao kujulikana jina. Hatuwaoni mtaani kwa sababu wako makaburini, wameandikwa homa.

Sasa rudi Chicago, mwaka 1994, chumba alichozaliwa Garrett. Usifikiri Marekani siku zote ilikuwa pepo kwa wagonjwa hawa. Mwaka 1973 watafiti wa huko walikadiria wastani wa maisha ya mwenye selimundu kuwa miaka 14 hivi. Miaka 14! Mdogo wangu angekuwa ameshamaliza zamu yake siku ile tunapanda basi la Mwanza. Watu weusi walibaguliwa hata kwa kubeba tu chembe kimoja. Chuo cha jeshi la anga la Marekani kiliwakataa wabebaji mpaka mwaka 1981, wakati wabebaji siyo wagonjwa. Ilichukua kelele za wanaharakati weusi, na sheria ya mwaka 1972, hadi fedha za utafiti zikaanza kutoka.

Kisha mambo matatu yakatokea, na hakuna hata moja linalofanana na muujiza. Mwaka 1986 jaribio lilionyesha kwamba kumpa mtoto mdogo mwenye selimundu penisilini kila siku kunapunguza maambukizi hatari kwa asilimia 84. Penisilini, msomaji, dawa ya zamani, inayouzwa kila kona. Mwaka 1987 jopo la wataalamu likapendekeza watoto wote wachanga wapimwe, kwa sababu penisilini haina maana kama humjui wa kumpa. Na mwaka 1995 haidroksiyurea, kidonge kilichokuwa kikitumika kwa saratani, kikathibitishwa kupunguza yale maumivu makali. Mwaka 1994, alipozaliwa Garrett, utafiti mwingine mkubwa ulichapishwa: wenye aina kali ya ugonjwa sasa walikuwa wanafikia umri wa kati wa miaka 42 kwa wanaume na 48 kwa wanawake. Kutoka 14 hadi 42, ndani ya miaka 21. Bado ni umri mdogo wa kufa. Lakini mtu wa miaka 42 ameshapata nafasi ya kujaribu kitu.

Ndiyo maana naona mechi nne za Garrett hazikuanzia New York. Kabla ya shule, kabla ya kocha, kabla ya baba yake kumkabidhi mpira, palihitajika nchi inayoweza kumtambua mtoto wa aina yake akiwa bado ananyonya. Sitaki kumpunguzia sifa. Juhudi ni zake. Mtu aliyelazwa kwa maumivu yale halafu akarudi mazoezini ana moyo ambao mimi sina. Ila moyo huo mdogo wangu alikuwa nao pia. Nilimwona akitoka kulazwa Jumatatu, Alhamisi yuko uwanjani anakusanya mipira ya wenzake. Sidhani kama kilichokosekana Kahama kilikuwa moyo.

Nimeogopa pia kufanya kosa la pili, la kumgeuza Garrett kuwa fimbo. Kuna wazazi watakaosoma haya na kumwambia mtoto, "Mbona yule wa Marekani anaweza?" Hapana jamani. Selimundu ina aina zake, na hata ndugu wawili wa aina moja hawaumwi sawa. Kikapu ni mchezo wa kukimbia na kusimama ghafla, jasho linakatika, mwili unakauka maji, na ukavu huo ni mmoja wa vichokoo vikubwa vya maumivu, pamoja na baridi, homa na kuchoka kupita kiasi. Mwili wa Garrett ulilindwa na watu wa timu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Uwanja wa vumbi jua la saa tisa, ndoo ya maji hakuna, mwalimu anapiga filimbi: hapo hata mzima anaanguka. Barua yangu haikuwa ya kipumbavu kabisa. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa na neno moja tu, asicheze, na ikaishia hapo. Haikuuliza kingefanyika nini ili acheze.

Historia nayo haijasimama. Muhimbili walianza kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu tangu mwaka 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na ikawa moja ya kazi kubwa za aina hiyo zinazofanyika katika hospitali moja duniani. Mwaka 2019, mwaka ule ule wa mechi nne, matokeo ya jaribio la haidroksiyurea kwa watoto wa Afrika yalichapishwa: watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Watu walikuwa na hofu kwamba dawa ile ingewafanya washambuliwe zaidi na malaria. Ikawa kinyume. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba, bei yake Marekani dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hiyo kwa sasa tuiache ilipo. Penisilini, chandarua, kidonge na tone la damu la kisigino vingetosha kujaza viwanja vyetu.

Binti yangu alipozaliwa tulimpima. Ana chembe kimoja, kutoka kwangu. Nimekiandika kwenye daftari lake la kliniki kwa kalamu nyekundu, ili siku akileta mchumba tuwe na la kuongea kabla ya mahari.

Mdogo wangu yuko hai. Anakunywa kidonge chake, hukatika kikipanda bei au kikikosekana dukani, na hapo tunajua kwa sura yake. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, anafundisha watoto wa mtaa kikapu kwenye uwanja ule ule. Ringi moja imeanguka, imebaki moja. Ana sheria mbili. Ndoo ya maji inafika kabla ya mpira. Na mtoto akisema amechoka, anatoka, na atakayemcheka anatoka naye.

Mwaka jana alinipigia simu. "Kaka, nataka uniandikie barua."

Kuna mtoto mmoja kwenye kundi lake, miaka 11, ana selimundu, wazazi wamemkataza. Nikamwambia aandike mwenyewe. Akasema, "Hapana, wewe ndiye mzoefu."

Tukacheka, na mimi kidogo ilinichoma. Nikakaa mezani, karatasi ya katikati ya daftari, kama zamani. Tuliandika kwamba kwanza wampeleke kliniki wamuulize daktari swali nililoshindwa kuuliza mimi. Kwamba daktari akiruhusu, atacheza dakika chache, kisha atapumzika kivulini. Kwamba siku ya baridi au akiwa na homa hatacheza, atahesabu magoli. Kwamba maji yapo. Ikawa kurasa mbili nzima.

Sahihi nikamwachia aweke yeye.